Sura ya Sita: Miezi Sita kwa Usiku Mmoja

Ondřej Satoria ni fundi umeme wa Ostrava, mji wa makaa ya mawe na chuma mashariki mwa Jamhuri ya Czech. Mchana hushughulika na nyaya, jioni hucheza besiboli katika klabu ya Arrows ya mji huohuo. Tarehe 11 Machi 2023 alipanda kijilima cha kurushia katikati ya Tokyo Dome, watu zaidi ya 40,000 wakimtazama, na aliyesimama mbele yake na gongo alikuwa Shohei Ohtani, ambaye wakati huo hapakuwa na mchezaji wa besiboli duniani wa kumfikia.

Warushaji wakubwa wa Marekani hutupa mpira kwa kilomita 160 kwa saa. Mpira wa kasi wa Satoria haufiki 130. Kushindana kwa nguvu kusingemsaidia. Akautoa ule mpira wake wa hila, ambao mkono huurusha kama wa kasi lakini wenyewe huchelewa njiani kisha ukazama. Ulikwenda kama kilomita 115 kwa saa, mwendo ambao basi la mkoani huufikia dereva akishajua kwamba trafiki hayupo mbele. Ohtani alizungusha gongo mapema mno, likakata hewa. Straiki ya tatu, yaani kosa la tatu, na mpigaji nje. Bingwa akarudi kukaa, na fundi umeme akaendelea na kazi.

Japani ilishinda 10 kwa 2, na hakuna aliyetarajia vingine. Kocha mkuu wa Wacheki, Pavel Chadim, ni daktari wa mishipa ya fahamu. Martin Schneider, ambaye kurusha kwake kuliisaidia timu kuifunga Hispania 3 kwa 1 mjini Regensburg Septemba 2022 na kukata tiketi ya kwenda Tokyo, ni zimamoto. Hao ndio waliotangulia kupata pointi dhidi ya Japani, na kwa muda mfupi ubao wa matokeo wa Tokyo Dome ulionyesha Czech 1, Japani 0. Ohtani hakulichukulia jambo lile kama kichekesho. Baada ya mechi aliisifu timu ile hadharani, na Japani iliposafiri kwenda Marekani kwa nusu fainali, alishuka kwenye ndege Miami amevaa kofia ya Czech.

Mechi hiyohiyo ilikuwa na kisa kingine, na mimi nakipenda kuliko cha Satoria. Mrushaji aliyeianzia Japani alikuwa Roki Sasaki, kijana wa miaka 21 kutoka Rikuzentakata, mji wa pwani uliosombwa na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011. Maji yale yalimchukulia baba, babu na bibi. Yeye alikuwa na miaka tisa. Sasa alikuwa akirusha tarehe ileile, miaka 12 baadaye, kwa jezi ya taifa. Mpira mmoja wenye kasi ya kilomita 162 kwa saa ukamponyoka, ukampiga Willie Escala wa Czech mguuni, karibu na goti. Escala akaanguka, akagaagaa, akainuka, kisha akatimua mbio kidogo kando ya mstari ili watu waone kwamba yu mzima. Uwanja mzima, uwanja wa Wajapani, ukampigia makofi. Siku chache baadaye Sasaki alimfuata na mifuko ya peremende za kampuni ya Lotte, inayomiliki klabu aliyokuwa akiichezea, akainamisha kichwa na kuomba radhi.

Mashindano yenyewe yanaitwa World Baseball Classic. Yalianza mwaka 2006, hufanyika mwezi Machi kabla ligi kubwa hazijaanza, na mpaka mwaka 2023 yalikuwa yamefanyika mara tano: Japani ikatwaa mara tatu, Jamhuri ya Dominika mara moja, Marekani mara moja. Kwa mpenzi wa soka anayejua Kombe la Dunia tangu utotoni, umri huo ni mdogo mno. Lakini mimi nasema hakuna mchezo unaobadilika kiasi hiki ukihamishwa kutoka klabu kwenda taifa. Soka hubaki soka. Besiboli hugeuka kuwa kitu kingine.

Sababu ni hesabu. Besiboli ni mchezo wa wastani. Mpigaji anayeshindwa mara saba katika kila kumi anaitwa hodari, na akidumu hivyo miaka 15 anajengewa sanamu. Ligi Kuu ya Marekani huipa kila timu mechi 162, karibu kila siku, tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, na timu nzuri sana hupoteza 60 kati ya hizo bila mtu yeyote kumzomea kocha. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda mechi 116, sawa na rekodi ya Chicago Cubs ya mwaka 1906, na bado hawakufika fainali. Mpira unadunda. Mrushaji hodari huamka siku moja vidole vimekataa. Mpira uliopigwa vizuri kabisa humwendea mtu moja kwa moja, na uliopigwa vibaya huangukia mahali pasipo na mtu. Miezi sita ile ya ligi ina kazi moja kubwa, nayo ni kuichuja bahati mpaka ubaki uwezo mtupu.

Classic haina miezi sita. Kwa utaratibu wa 2023 ina mechi nne za kundi, kisha robo fainali, nusu fainali na fainali, mechi mojamoja, ukiteleza umekwenda. Bahati yote inabaki ndani. Mwaka 2006 Korea Kusini iliifunga Japani mara mbili, ikashinda mechi sita mfululizo, ikakutana na Japani mara ya tatu katika nusu fainali na kufungwa 6 kwa 0. Ikarudi nyumbani ikiwa na ushindi wa mechi sita na kipigo kimoja. Japani, iliyokwisha kufungwa mara tatu na kuokolewa tu kwa sababu Mexico iliifunga Marekani 2 kwa 1, ikaichapa Cuba 10 kwa 6 na kuwa bingwa wa kwanza. Mwaka 2009 Uholanzi iliifunga Jamhuri ya Dominika, timu iliyosheheni majina ya David Ortiz na Hanley Ramírez. Watu wakasema ni ajali. Siku tatu baadaye zikakutana tena, zikaenda ngwe 11, yaani zamu 11 za kupiga kwa kila timu, badala ya tisa za kawaida, na Uholanzi ikashinda tena, 2 kwa 1. Nao mwaka 2023 ulileta kituko ambacho hata mtunzi wa tamthilia angekiogopa: katika kundi lililochezwa Taichung, Taiwan, timu zote tano zilimaliza na ushindi mara mbili na kufungwa mara mbili. Cuba, Italia, Uholanzi, Panama na wenyeji, wote sawasawa. Ikabidi zihesabiwe pointi walizoruhusu ili kujua nani anasonga, na wenyeji wakajikuta mkiani.

Wapenda takwimu wa Marekani huchukizwa na mambo haya. Husema mashindano ya wiki mbili hayathibitishi chochote kuhusu nani anacheza besiboli vizuri zaidi. Wana haki kabisa. Lakini nani alisema tunakwenda uwanjani kuthibitisha? Anayetaka uthibitisho ana ligi, imwekee takwimu za mechi 162. Kinachomweka mtu macho usiku ni kujua kwamba leo, kwa mpira mmoja, jambo lisilostahili kutokea linaweza kutokea na halitafutwa kesho na mechi nyingine. Mshabiki wa Simba au Yanga analielewa hili bila kufundishwa. Ubingwa wa ligi ni wa mwaka mzima, lakini muulize anakumbuka nini.

Kisha yapo makelele. Tokyo Dome mpigaji wa Japani anapoingia, upande mmoja wa majukwaa husimama na tarumbeta na ngoma, wakaimba wimbo wake. Kila mpigaji ana wimbo wake. Timu ikimaliza zamu ya kupiga, tarumbeta hushushwa, watu wakakaa na kula chakula chao kwenye visanduku, maana sasa ni zamu ya wageni na si adabu kuwafunika. Mechi ikiisha wachezaji hujipanga mstari na kuwainamia watazamaji. Wakati wa janga la korona sauti hizo zilikuwa zimepigwa marufuku viwanjani kwa muda mrefu, na Machi 2023 ilikuwa kama bomba lililozibuliwa. Mechi ya robo fainali dhidi ya Italia ilitazamwa na asilimia 48 ya nyumba katika ukanda wa Tokyo.

Miami ni dunia nyingine. Huko hakuna zamu ya kunyamaza. Ngoma, filimbi na vyuma vinagongwa tangu kabla ya mpira wa kwanza, na Jamhuri ya Dominika ikikutana na Puerto Rico huwezi kumsikia jirani yako. Mwaka 2013 Wadominika walishinda mechi zote nane, na mrushaji wao wa mwisho, Fernando Rodney, alikuwa akitembea na ndizi mbichi ya kupika, ile ndefu ya kijani, akiinyanyua kwenye benchi na kuichomeka kiunoni wakati wa kutambulishwa. Ilikuwa hirizi ya timu. Sijui mchezo mwingine ambamo mtu anayelipwa mamilioni ya dola hufunga fainali ya dunia, 3 kwa 0 dhidi ya Puerto Rico, akilindwa na ndizi. Miaka minne baadaye wachezaji wa Puerto Rico walipaka nywele zao rangi ya dhahabu. Wanaume kisiwani wakaiga, wazee kwa vijana, mpaka rangi hiyo ikaadimika madukani. Katika mashindano hayo Javier Báez alidaka mpira kutoka kwa Yadier Molina huku tayari amenyoosha kidole kumsifu Molina kwa urushaji wake, macho yakiwa hayako hata kidogo kwa mkimbiaji aliyekuwa akija, na mkono wake ukamgusa na kumtoa. Alisherehekea kwanza, akafanya kazi baadaye. Katika ligi angekemewa kwa utovu wa nidhamu.

Tofauti hizi zina historia. Mwalimu wa Kimarekani, Horace Wilson, aliwafundisha wanafunzi wa Tokyo besiboli mwaka 1872, na mchezo ukakulia mashuleni, ukabeba nidhamu ya mashuleni. Cuba waliupata kutoka kwa vijana waliorudi masomoni Marekani miaka ya 1860, wakati kisiwa kikiwa bado chini ya Hispania, na kuucheza kukawa namna ya kusema sisi si Wahispania. Vita vya Miaka Kumi vilipozuka mwaka 1868, Wacuba waliokimbia waliuchukua hadi Jamhuri ya Dominika, ukaota mizizi kwenye miji ya viwanda vya sukari. Kwa hiyo timu mbili zinapokutana Machi, hazichezi mchezo mmoja kwa namna mbili tu. Kila moja inaamini kwamba namna yake ndiyo besiboli yenyewe, na ile nyingine ni ya kukopa. Wamarekani, wenye mchezo, walichukua miaka 11 kulitwaa taji la Classic.

Korea na Japani hawahitaji maelezo marefu. Japani iliitawala Korea tangu 1910 hadi 1945, na Wakorea walipoifunga Japani Marekani mwaka 2006, kisha tena mwaka 2009, walichomeka bendera yao ndogo juu ya kijilima cha kurushia. Mwaka huo wa 2009 timu hizo zilikutana mara tano katika mashindano yaleyale. Mara ya tano ilikuwa fainali, Dodger Stadium, na ilipofika ngwe ya kumi Ichiro Suzuki, aliyekuwa ameshindwa kupiga mashindano mazima hadi magazeti ya kwao yakaanza kumhurumia, akapeleka mpira katikati ya uwanja na pointi mbili zikaingia. Japani 5, Korea 3.

Nitatumia muda kidogo kwa Taiwan, maana sijaona mechi ya timu ya taifa yenye uzito wa namna ile. Kwa shinikizo la China, wachezaji wa kisiwa hicho hushiriki michezo ya kimataifa kwa jina la Chinese Taipei, na jina la kwao halitakiwi kifuani. Novemba 2024, katika fainali ya mashindano mengine yanayoitwa Premier12, walikutana na Japani palepale Tokyo Dome. Japani ilikuwa imeshinda mechi 27 mfululizo za kimataifa. Katika ngwe ya tano nahodha Chen Chieh-hsien aliupiga mpira ukavuka uzio, pointi tatu kwa pigo moja. Alipokuwa akizunguka besi alinyoosha vidole vya mikono miwili na kuchora fremu kifuani mwake, mahali ambapo jina la nchi lingekuwa na hapakuwa na kitu. Hakusema neno. Mamilioni ya watu walielewa. Taiwan ilishinda 4 kwa 0, na ndege iliyowarudisha ilisindikizwa na ndege za kivita za nchi yao. Takwimu za mpira ule, kasi yake na urefu wa pigo, zipo kwa anayezitaka. Mimi naona haziongezi kitu.

Wapo wanaolalamika kwamba mataifa mengine ni ya karatasi, na hapo nakubaliana nao nusu. Kanuni za Classic zimelegea: mchezaji akiwa na haki ya kupata uraia wa nchi kupitia mzazi, wakati mwingine hata babu, anaweza kuichezea. Mwaka 2017 Israel, iliyokuwa nambari 41 duniani, iliifunga Korea Kusini nyumbani kwao Seoul, kisha Taiwan, kisha Uholanzi, kisha Cuba, na karibu kikosi kizima kilikuwa Wayahudi wa Marekani. Uholanzi yenyewe ina nguvu kwa sababu ya vijana wa Curaçao na Aruba, visiwa vya Karibi. Marcus Stroman, ambaye mama yake ni wa Puerto Rico, alichagua kuvaa jezi ya Marekani mwaka 2017. Wapuerto Rico walimzomea kweli, naye akawanyima pigo lolote la maana mpaka ngwe ya saba ya fainali ambayo Marekani ilishinda 8 kwa 0. Timu ambayo wachezaji wake hawawezi kuagiza chai kwa lugha ya nchi wanayoiwakilisha hainisisimui sana. Lakini Lars Nootbaar ananishinda. Amezaliwa California, mama Mjapani, Kijapani chake cha kubahatisha, na mwaka 2023 alileta Tokyo mtindo wa kusaga pilipili manga hewani kwa mikono miwili kila mtu anapofika besi. Wiki haikuisha, taifa zima lilikuwa likisaga pilipili.

Sasa tufike Miami, usiku wa tarehe 21 Machi 2023. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa tayari Jumatano, saa nane usiku. Japani ilikuwa saa mbili asubuhi na watu wakichelewa kazini kwa makusudi. Marekani na Japani, fainali.

Ili usiku huo ueleweke lazima jambo moja lijulikane. Ohtani na Mike Trout, nahodha wa Marekani, walikuwa wakicheza klabu moja, Los Angeles Angels, tangu mwaka 2018. Wawili hao walikuwa wameshinda tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao mara nne baina yao. Na katika misimu mitano ya kuwa pamoja hawakuwahi kucheza hata mechi moja ya mtoano. Trout, ambaye kwa miaka kumi aliitwa bora kuliko wote, alikuwa amecheza mechi tatu tu za mtoano maishani, zote mwaka 2014, zote akafungwa. Klabu yao ilikuwa mbovu hivyo. Ligi ile inayochuja bahati kwa miezi sita ilikuwa imewachuja na wao, ikawaacha wachezaji wawili wakubwa wa zama zao bila usiku mmoja wenye maana. Ikabidi wavae jezi za mataifa yao ndipo wakutane na mechi kubwa, na ikawa wamekutana wao kwa wao.

Kabla ya mechi Ohtani aliwaambia wenzake kwenye chumba cha kuvalia kwamba upande wa pili wapo watu ambao kila mcheza besiboli amewahi kuwasikia, akawataja Goldschmidt, Trout na Betts, akawaomba kwa siku hiyo moja waache kuwastaajabia, maana anayestaajabia hawezi kupita. Trea Turner alitangulia kuuvusha mpira uzio kwa Marekani. Munetaka Murakami akajibu papo hapo, Japani ikaongeza, Kazuma Okamoto akaongeza tena: 3 kwa 1. Katika ngwe ya nane Kyle Schwarber akapunguza, 3 kwa 2. Muda wote huo Ohtani, ambaye alikuwa pia mpigaji katika mechi hiyo, alionekana akitembea huku na huku baina ya benchi na mahali pa kupashia misuli ya mkono, suruali imejaa vumbi la kukimbia besi. Mtu aliyepiga mechi nzima alikuwa anajiandaa kuja kurusha ngwe ya mwisho.

Akaja. Alimpa mpigaji wa kwanza besi ya bure. Mookie Betts akapiga mpira wa chini uliosababisha Wamarekani wawili kutolewa kwa mkupuo. Akabaki mmoja wa kutolewa, na anayeingia kupiga alikuwa Trout. Pigo moja la kuvuka uzio lingesawazisha matokeo.

Mpira wa kwanza ulikuwa wa kupinda, ukazama chini, Trout akauacha. Wa pili kilomita 160, Trout akazungusha gongo, hewa. Wa tatu ukapita nje. Wa nne kilomita 160 tena, hewa tena. Wa tano Ohtani aliuvuta kwa nguvu zake zote, zaidi ya 163, ukaenda kombo mbali. Sasa zilikuwa straiki mbili na mipira mibaya mitatu, mwisho wa hesabu. Mpira unaofuata ungeweza kuamua yote. Kila mtu uwanjani alitarajia kasi. Ohtani akarusha mpira unaochepuka, kilomita 140 kwa saa, ulioanza kama unakuja katikati kisha ukalikimbia gongo. Hewa. Akatupa glavu huku, kofia kule.

Katika maisha yake yote ya ligi kuu, zamu 6,174 za kupiga, Trout alikuwa ameukosa mpira mara tatu ndani ya zamu moja mara 24 tu. Takwimu si hoja ya sura hii, lakini hii naiacha.

Wenye klabu hawakushangilia wote. Siku sita kabla, katika uwanja huohuo, Puerto Rico iliifunga Jamhuri ya Dominika 5 kwa 2, na Edwin Díaz, mrushaji wa mwisho ambaye New York Mets walikuwa wametoka kumpa mkataba wa dola milioni 102, aliumaliza mchezo vizuri kabisa. Kisha akaruka na wenzake kwenye duara la furaha, na kano kubwa ya goti ikakatika. Aliondolewa kwa kiti cha magurudumu, kaka yake akilia pembeni. Msimu mzima wa 2023 ukapotea. Watangazaji wengine wa New York walifoka kwamba mashindano haya ni ya maonyesho tu na yafutwe. Waliowajibu kwa ukali zaidi walikuwa wachezaji wenyewe. Hofu ya klabu ndiyo iliyozaa kanuni ya kuhesabu mipira: mwaka 2023 mrushaji aliruhusiwa mipira 65 katika makundi, 80 robo fainali na 95 kuanzia nusu fainali, hata ajisikie vipi. Ni kanuni ya mwenye mali anayemkodisha mtu gari lake. Inaudhi, lakini bila hiyo magari yasingekodishwa.

Afrika? Afrika Kusini ilialikwa mwaka 2006 na 2009, na Marekani, ikimtumia mrushaji Roger Clemens, iliipiga 17 kwa 0. Kisa chetu kizuri zaidi ni cha watoto wa Uganda. Mwaka 2011 timu ya Kampala ilishinda mchujo wa kwenda Williamsport, Pennsylvania, kwenye fainali za dunia za watoto, kisha wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu katika hati za umri. Timu ya Langley, Canada, ambayo ingekutana nao, ilifunga safari hadi Uganda Januari 2012 ili mechi ile ichezwe. Mwaka huohuo watoto wa Lugazi wakapata viza na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika Williamsport. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4 kwa 1. Na Dar es Salaam, kwenye viwanja vya shule ya Azania, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina la Koshien, uwanja maarufu wa mashindano ya shule za Kijapani.

Besiboli inarudi Olimpiki mwaka 2028 mjini Los Angeles, timu sita tu. Anayetaka kujifunza kutazama asianze na ligi ya mechi 162, atachoka. Aanze na makundi ya Classic yanayochezwa Tokyo, maana mechi za jioni kule huanza kwetu saa saba mchana na mtu anaweza kuzitazama akila. Zikifika Miami itabidi alale mapema na kuamka saa nane usiku. Na asichague Japani, inao mashabiki wa kutosha. Achague timu ambayo mrushaji wake ameomba likizo kazini.